BUNDUKI NA HAKI: USHAHIDI WA MAREKANI



Kila uchaguzi unapokwisha, na kila inapotoka amri mpya ya kukataza mkutano au ya kumwita mtu kituoni kwa neno alilolisema jukwaani, huzuka barazani hoja moja ambayo jarida hili kwa muda mrefu limeipita kimya. Husemwa na vijana zaidi kuliko wazee, na husemwa kwa sauti ya chini. Hoja yenyewe ni kwamba Serikali hufanya itakavyo kwa sababu raia hana kitu mkononi. Kwamba huko Marekani, ambako Katiba imempa mtu haki ya kuweka bunduki nyumbani kwake, hapana mtawala athubutuye kumwonea mwananchi. Na kwamba laiti nasi tungalikuwa na kifungu kama kile, mambo yangalikuwa mengine. Kisha huhitimishwa kwa ule msemo wa kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Hatuwakejeli wasemao hivyo. Mtu aliyeamka alfajiri kwenda kupanga mstari, akasimama juani hata mchana, kisha akatangaziwa matokeo asiyoyaamini, hasemi maneno haya kwa furaha. Lakini hoja ikisemwa mara nyingi bila ya kujibiwa huvaa nguo za kweli. Na kwa kuwa wenye hoja wameifanya Marekani kuwa ndiye shahidi wao, basi na tumwite shahidi huyo aseme yote, tangu mwanzo, maana mpaka sasa barazani husimuliwa nusu tu ya ushahidi wake.

Kifungu kinachotajwa ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyothibitishwa tarehe 15 Disemba 1791. Ni sentensi moja tu. Maana yake ni kwamba jeshi la raia lililopangwa vyema ni jambo la lazima kwa usalama wa dola iliyo huru, na kwa hivyo haki ya watu ya kuweka na kuchukua silaha isivunjwe. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wanasheria wa kule walibishana kama haki hiyo ni ya kila mtu peke yake au ni ya majeshi ya raia ya kila jimbo. Mahkama ya Juu haikuukata ubishi huo waziwazi ila tarehe 26 Juni 2008, majaji watano dhidi ya wanne, iliposema kuwa ni haki ya mtu binafsi, ingawa si haki isiyo na mipaka. Hukumu hiyo tutairudia, kwani namna ilivyopatikana ina somo ndani yake.

Asili ya kifungu ni vita vya uhuru. Tarehe 19 Aprili 1775 askari wa Mfalme wa Uingereza, wapata 700, walitoka Boston kwenda mji wa Concord kuzitwaa silaha na baruti zilizokuwa zimehifadhiwa huko. Wakulima wa Lexington na Concord waliwakabili kwa bunduki zao, na vita vikaanza. Hapo vijana wetu wana hoja, wala hatuikani: dola ile ilizaliwa na moshi wa baruti. (Ingawa hata hapo, bila ya jeshi la kudumu na bila ya manowari za Ufaransa zilizowazingira Waingereza pale Yorktown mwaka 1781, huenda wakulima wale wangalikuwa wakisimuliwa leo kama waasi walioshindwa.)

Ama tuulize: hao waliokwisha kushinda, walifanya nini zilipoelekezwa kwao bunduki zile zile?

Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, na wengi wao walikuwa askari wa vita vile vile vya uhuru, walilemewa na madeni na kodi. Wakaenda kwa makundi kuzifunga mahkama zisipate kukaa, ili mashamba yao yasinadiwe. Mmoja wa wakubwa wao aliitwa Daniel Shays, aliyekuwa kapteni vitani. Tarehe 25 Januari 1787 waliliendea ghala la silaha la Springfield. Wakapigwa mizinga, wanne wakafa, waliobaki wakatawanyika. Miezi michache baadaye mabwana wakubwa wa nchi wakakutana Philadelphia kutunga Katiba, na miongoni mwa madaraka waliyolipa Bunge ni kuliita jeshi la raia ili kuzima maasi. Isomeni tena, ndugu zangu: lile jeshi la raia ambalo barazani husemwa liliwekwa kuitia adabu Serikali, Katiba yenyewe imelipa Bunge kuwatia adabu waasi.

Na haukupita muda mrefu. Mwaka 1791 ilitozwa kodi juu ya pombe kali ya nafaka, ambayo kwa wakulima wa magharibi ya Pennsylvania ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuipeleka nafaka yao sokoni ng'ambo ya milima bila ya hasara. Wakakataa kulipa. Mwaka 1794 wakaichoma nyumba ya mkaguzi wa kodi. Rais wakati huo alikuwa George Washington, jemadari wa vita vya uhuru. Bwana huyo alikusanya askari wa jeshi la raia karibu 13,000, akafuatana nao mwenyewe sehemu ya njia, na wenye bunduki wakayeyuka kabla hawajafika. Kodi ilibaki katika sheria. Ilifutwa mwaka 1802, na kilichoifuta ni chama cha Thomas Jefferson, baada ya kushinda uchaguzi wa mwaka 1800. Bunduki zilikuwepo vijijini miaka yote hiyo. Kilichokosekana, kisha kikapatikana, ni viti bungeni.

Basi na tuje kwa wale ambao, kama bunduki ni ngao ya mnyonge dhidi ya mwenye dola, wao ndio walioihitaji kuliko Wamarekani wote. Nao ni watu weusi wa nchi ile.

Vita vya kuwakomboa vilipokwisha mwaka 1865, mojawapo ya sheria za mwanzo zilizotungwa na jimbo la Mississippi mwaka ule ule ilikuwa ni kumkataza mtu huru mweusi kuweka au kuchukua silaha bila ya leseni ya wakubwa wa wilaya. Kifungu cha Katiba kilikuwepo, kizima, hakikuguswa herufi. Waliokiandika hawakudhani hata mara moja kwamba kinamhusu mtumwa wa jana.

Miaka minane baadaye, katika mji mdogo wa Colfax, jimbo la Louisiana, ulikuwa umefanyika uchaguzi ambao kila upande ulidai umeshinda. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa hali ya mji baada ya uchaguzi wa namna hiyo. Watu weusi, na miongoni mwao walikuwamo waliowahi kuwa askari, waliingia nyumba ya mahkama ya wilaya kuilinda kwa ajili ya upande wao. Walikuwa na bunduki, walikuwa na kura, na kwa imani yao walikuwa na haki. Jumapili ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1873, likaja kundi la watu weupe wenye bunduki nyingi zaidi na bora zaidi, na mzinga mdogo juu yake. Nyumba ikatiwa moto. Wengi waliuawa baada ya kuweka silaha chini na kutoka mikono juu. Hesabu kamili haikupatikana hata leo. Wanaoandika historia hutaja baina ya watu 60 na 150. Na wachache waliotiwa hatiani walifunguliwa na Mahkama ya Juu mwaka 1876, katika hukumu iliyosema, pamoja na mengine, kwamba Marekebisho ya Pili huizuia Serikali Kuu peke yake, wala hayamlindi mtu na jirani yake.

Tumekaa juu ya Colfax kwa makusudi, maana wasemao barazani husema kana kwamba bunduki zitaingia mikononi mwa upande mmoja tu, ule wao. Kumbe siku bunduki zinapogawiwa, aliye na dola na fedha hupata zake, na za ziada. Wala hatuna haja ya kuwafundisha wasomaji wa visiwa hivi silaha zikitoka ghalani usiku hufanya nini na huishia milangoni mwa nani. Wapo wazee wa kuulizwa juu ya Januari 1964, na kila mmoja ana lake la kusimulia kwa kadiri ya upande aliokuwapo.

Atasema mtu: hayo ni ya karne nyingine. Vyema, na tusogee. Mwaka 1966 katika mji wa Oakland, California, vijana weusi wawili, Huey Newton na Bobby Seale, waliunda chama walichokiita Black Panther. Sheria ya jimbo iliruhusu kuchukua bunduki hadharani, nao wakaishika sheria hiyo neno kwa neno: walifuata magari ya polisi usiku, bunduki mkono mmoja na kitabu cha sheria mkono wa pili, wakiangalia jinsi watu wao wanavyokamatwa. Je, Serikali iliogopa ikajirekebisha? La hasha. Mbunge mmoja akapeleka mswada wa kukataza jambo hilo. Tarehe 2 Mei 1967 vijana hao wapata 30 waliingia na silaha zao katika jengo la Bunge la jimbo huko Sacramento kuupinga, na kwa kitendo hicho waliuharakisha tu. Mwezi wa Julai ulitiwa saini na Gavana Ronald Reagan, mtu ambaye baadaye wapenzi wa bunduki walimpigia kura kwa mamilioni. Chama kikubwa cha wenye bunduki nchini hakikusimama kuwatetea vijana wale. Ilionekana kuwa haki ilikuwa takatifu mpaka ilipotumiwa na asiyetakiwa.

Na tarehe 4 Disemba 1969 mjini Chicago, polisi walivamia alfajiri nyumba ya kiongozi wa chama hicho, Fred Hampton, kijana wa miaka 21, wakamwua akiwa kitandani, pamoja na mwenziwe Mark Clark. Mlikuwamo bunduki ndani ya nyumba ile. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba polisi walifyatua risasi zaidi ya 80, na kutoka ndani ilitoka moja. Jamaa za marehemu walipata fidia ya dola milioni 1.85 mwaka 1982. Waliipata mahkamani, kwa wakili aliyeng'ang'ania jalada miaka zaidi ya kumi.

Twakubali kwamba kisa cha watu weusi kina mambo yake ya rangi. Basi tazameni kisa kingine, nacho kwa fikra yetu ndicho kinachoivunja hoja ya barazani kabisa.

Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri moja. Kwa nguvu ya amri hiyo, watu wapata 120,000 wenye asili ya Kijapani waliokuwa wakiishi pwani ya magharibi ya Marekani walitolewa majumbani mwao na kupelekwa kambini, nyuma ya seng'enge, jangwani na milimani. Thuluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Hawakushitakiwa, hawakuhukumiwa. Maduka yao na mashamba yao yaliuzwa kwa bei ya kutupa au yalipotea. Mtu akitaka mfano wa Serikali kuruka mpaka wake, ataupata wapi mkubwa kuliko huo? Na nchi ilikuwa imejaa bunduki. Kila mwenye shamba California alikuwa nayo, na Katiba ilikuwa na kifungu chake. Je, alitoka nani na bunduki yake kusimama mlangoni kwa jirani yake Mjapani? Hakutoka mtu. Wengi waliona amri ni sawa. Wengine walilitamani shamba. Waliobaki walikuwa na khofu. Bunduki haimfanyi mtu aione dhulma anayofanyiwa mwenzake, na asiyeiona hatoki nyumbani, awe na bunduki moja au kumi.

Aliyesimama ni kijana mmoja, Fred Korematsu, aliyekataa kuondoka, akakamatwa, akaipeleka kesi yake mpaka Mahkama ya Juu, akashindwa mwaka 1944. Hukumu yake ya hatia ilifutwa mwaka 1983. Mwaka 1988, baada ya miaka ya mikutano, maombi na ushahidi uliotolewa mbele ya tume, Bunge lilipitisha sheria ya kuomba radhi na kumlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Miaka zaidi ya arubaini ni mingi mno, na wengi walikwisha kufa. Hatusemi kwamba njia hiyo ni ya haraka. Twasema ndiyo iliyofika.

Sasa yatupasa kuwatendea haki wenye hoja, maana wanalo jambo ambalo mtu mwadilifu hawezi kulificha. Tumezoea kusimuliwa kwamba watu weusi wa kusini walipata haki zao kwa nyimbo na sala peke yake. Sivyo. Nyumba ya Kasisi Martin Luther King ilipotupiwa bomu mwaka 1956 huko Montgomery, aliomba leseni ya kuchukua bastola, akanyimwa. Huko Monroe, North Carolina, Robert Williams na wenzake waliwarudisha nyuma kwa bunduki Ku Klux Klan waliokuja kwa misururu ya magari mwaka 1957. (Bwana huyo baadaye alikimbilia Cuba, kisha Uchina, na alipita Tanzania kabla ya kurejea kwao mwaka 1969.) Na mwaka 1964, katika mji wa Jonesboro, Louisiana, wanaume wa makamo, wengi wao askari wa zamani na watu wa kanisani, waliunda kundi la kulinda. Walikaa zamu usiku kuzilinda nyumba walimolala vijana wa kuandikisha wapiga kura. Mwaka uliofuata tawi lao la Bogalusa likajulikana nchi nzima. Wapo walio hai leo kwa sababu ya wazee wale, na hatutaki kuwadharau.

Lakini angalieni walichokifanya na wasichokifanya. Walilinda mlango dhidi ya wahuni waliokuja usiku, pale polisi walipokataa kazi yao. Hawakwenda kupigana na Serikali, hawakwenda kuteka boma. Na pale Bogalusa, kilichowapindua wakubwa wa mji katika mwaka 1965 ni amri ya jaji wa Serikali Kuu, iliyowalazimisha polisi wawalinde waandamanaji waliokuwa wakiwapiga juzi. Mlinzi wa usiku alimpa mwandikishaji nafasi ya kuamka mzima asubuhi. Kazi yenyewe ilifanywa na mwandikishaji. Sheria ya Haki ya Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Kabla yake, watu weusi walioandikishwa kupiga kura katika Mississippi, ile iliyoanza kwa kuwanyang'anya bunduki, walikuwa asilimia 6.7. Mwaka 1967 walikuwa asilimia 59.8. Katika mambo yote tuliyoyataja hapa, hilo ndilo lililoyabadilisha majimbo yale. Tangu hapo mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye kule huchaguliwa kwa kura, hakuweza tena kuwapita watu weusi kama hawapo.

Tulisema tutairudia hukumu ya mwaka 2008. Mji wa Washington, makao makuu ya nchi, ulikuwa umekataza watu kuweka bastola nyumbani tangu mwaka 1976. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini katikati ya taifa lenye bunduki nyingi kuliko taifa lolote duniani. Mwisho wa mwaka 2017 zilikadiriwa kuwa milioni 393 mikononi mwa raia, zaidi ya idadi ya watu wenyewe. Nani aliiondoa sheria hiyo? Aliiondoa mlinzi mmoja wa jengo la Serikali, Dick Heller, kwa mawakili. Na nje ya mahkama kulikuwa na nini? Kulikuwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1871 kwa ajili ya kufundisha shabaha, ambacho tangu mkutano wake wa Cincinnati mwaka 1977 kiligeuka kuwa chama cha siasa kwa vitendo: wanachama kwa mamilioni wenye kulipa ada, barua kwa kila mbunge, daftari la nani amepiga kura gani bungeni, na ahadi ya kumkumbuka siku ya uchaguzi. Bunge lilipopitisha mwaka 1994 sheria ya kukataza baadhi ya bunduki za namna ya kivita, sheria hiyo ilipewa umri wa miaka kumi, na ilipofika mwaka 2004 hapana mbunge wa kutosha aliyethubutu kuirefusha.

Tutafakari hapo kidogo. Watu hao, wapendao bunduki kuliko watu wote wa ulimwengu, walipotaka kuilinda bunduki yenyewe, hawakuitumia. Walitumia kadi ya uanachama, ada, karani, wakili na kura. Mtu anaweza kuyachukia makusudio yao, na mwandishi wa makala haya hayapendi, lakini hawezi kusema hawakujua kazi. Na sisi, kwa haki tuzipendazo, ni matawi mangapi yaliyoleta orodha zao za wanachama mwaka huu zikiwa kamili?

Bei ya bunduki zile tutaipita upesi, si kwa kuwa ni ndogo. Mwaka 2021 Marekani ilizika watu 48,830 waliokufa kwa bunduki. Kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Hao wa pili ni zaidi ya nusu, nao hawakuuawa na dola wala na mwizi. Waliuawa na silaha iliyowekwa nyumbani kwa ajili ya dola na mwizi.

Liko swali lingine ambalo wenye hoja hawalijibu: nani atakayeamua kwamba Serikali sasa imevuka mpaka, na wakati wa bunduki umefika? Ikiwa ni kila mtu kwa rai yake, basi tazameni Oklahoma City. Mwaka 1993 Serikali Kuu ya Marekani ilizingira makazi ya kundi moja la dini karibu na Waco, Texas, na mambo yakaishia kwa moto na watu 76 kufa tarehe 19 Aprili. Kwamba Serikali ilikosea vibaya katika jambo lile, watu wengi wenye akili wamesema. Timothy McVeigh aliamua peke yake kuwa yeye ndiye wa kulipiza. Siku ile ile ya mwaka 1995 alilipua jengo la Serikali na kuua watu 168, na watoto 19 miongoni mwao. Alijiona ni mkulima wa Lexington. Hakuchaguliwa na mtu, hakushauriana na mkutano, wala hapakuwa na wa kumwambia kaa chini.

Tumebakisha hoja moja, nayo ndiyo ngumu. Atasema kijana: haya yote mwayasema kana kwamba kura hufika salama. Na ikiibiwa je? Sanduku likichukuliwa mbele ya macho yetu je? Hapo Marekani ina kisa chake, nacho hakisimuliwi sana, lakini ni cha kweli.

Katika mji wa Athens, jimbo la Tennessee, kundi moja la wanasiasa lilikuwa limeishika wilaya miaka kumi kwa wizi wa kura na faini za uongo. Tarehe 1 Agosti 1946 vijana waliorudi vitani walisimamisha wagombea wao. Siku ya kura mawakala wao walipigwa na kufungiwa, mpiga kura mmoja mweusi alipigwa risasi na askari, na jioni masanduku yakabebwa kupelekwa jela kuhesabiwa huko, milango imefungwa. Vijana wale wakachukua bunduki katika ghala la silaha la jeshi la jimbo, wakaizingira jela, wakapigana usiku kucha, mwisho wakatumia baruti. Kabla ya kupambazuka askari walijisalimisha. Hakufa mtu, jambo ambalo ni bahati tupu. Kura zikahesabiwa, na vijana wakawa wameshinda.

Hatutasema kwamba walikuwa wakorofi, kwani waliibiwa kweli. Lakini lazima tuseme walikuwa nani: askari waliofundishwa vita, weupe, mashujaa machoni pa taifa, wakipigana na wakubwa wa wilaya moja tu, na juu yao palikuwa na jimbo na Serikali Kuu ambazo ziliamua kutotia mkono. Wale wa Colfax walilinda uchaguzi vile vile, wakapata walichokipata. Na mtu asitarajie kuwa huku kwetu dola itakaa kando itazame. Kisha someni sehemu ya mwisho, ambayo wenye kukipenda kisa hiki huiacha: mwezi wa Januari 1947, miezi mitano tu baada ya usiku ule, viongozi wanne kati ya watano wa umoja wa vijana wale waliandika barua ya hadharani wakikiri kwamba wameondoa genge moja na lingine lenye nguvu zaidi limeanza kujengeka mahali pake.

Wataalamu wawili, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walichapisha mwaka 2011 hesabu yao ya harakati 323 za kupinga tawala na ukaliaji wa nchi, za tangu mwaka 1900 mpaka 2006. Zilizotumia silaha zilifaulu kwa kadiri ya asilimia 26. Zilizotumia migomo, maandamano na kususia bila ya silaha zilifaulu kwa asilimia 53. Hiyo maana yake ni kuwa hata hizo za pili karibu nusu hazikufaulu, na hatumdanganyi mtu kwa kumwahidi zaidi ya hayo.

Mwanachama mwenye hoja ya kuyapinga haya tuliyoyaandika na atuletee ofisini kwa maandishi, jina lake na la tawi lake chini. Tutaipiga chapa kama ilivyo, nafasi ikiruhusu. Na makatibu wa matawi ambao orodha zao hazijafika wanakumbushwa kuzileta kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na majina ya waliokataliwa kuandikishwa na sababu waliyoambiwa, maana bila ya majina hayo wakili hana la kwenda nalo mahkamani.